Neno la Kuchekesha kwa Wakati Wake: Ucheshi Katika Vikao Vyetu



Wengi wetu tunatumia sehemu kubwa ya maisha yetu katika vikao. Kuna kikao cha Jumuiya Ndogondogo, cha Kamati Tendaji, cha Halmashauri ya Walei, cha harusi, cha VICOBA, cha walimu, cha idara kazini. Humo twapanga, twahesabu fedha, twasahihishana, na mara nyingine twaumizana. Katika makala hii tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo dogo ambalo halimo katika ajenda yoyote, lakini laweza kukiokoa kikao au kukiharibu: neno la kuchekesha linalozuka papo hapo. Je, yampasa Mkristo anayeongoza kikao, au anayetoa taarifa mbele ya wenzake, kuchekesha? Na kama yampasa, ni kwa kipimo gani?

Tuanze na tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria kikao cha kigango kilichoitishwa ili kuamua juu ya paa la kanisa. Bati za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, na fedha ya kununua mpya ilikwisha kupatikana. Jambo lililobaki lilikuwa rangi. Kundi moja lilitaka nyekundu, jingine lilitaka kijani. Na nyuma ya rangi hizo kulikuwa na ugomvi wa siku nyingi kati ya koo mbili, ambao hakuna aliyethubutu kuutaja. Saa mbili zikapita. Sauti zikapanda. Ndipo mzee mmoja aliyeketi karibu na ukuta, ambaye hakuwa amesema neno tangu sala ya kufungulia, akaomba nafasi.

“Mheshimiwa mwenyekiti,” alisema, “mimi nina swali tu. Hapa nilipokaa ninaliona wingu. Mvua ikinyesha sasa hivi, itaanza na wa nyekundu au na wa kijani? Nauliza ili nijue nihamie upande gani.”

Kulikuwa na kimya kifupi, kisha watu wote wakaangalia juu, na kicheko kikalijaza kanisa. Mzee akaketi, asiongeze neno. Haikupita robo saa, kikao kikakubaliana kununua bati zitakazopatikana kwa bei nafuu, ziwe za rangi yoyote. Hakuna hoja mpya iliyokuwa imetolewa. Kilichobadilika ni kwamba watu walijiona, kwa dakika moja, wakiwa wote chini ya paa moja linalovuja.

Maneno manne yasiyo sawa

Kiswahili kina utajiri wa maneno katika eneo hili, na ni vema tuyatofautishe. Ucheshi ni kipaji cha kuleta furaha kwa maneno au vitendo. Utani ni ucheshi unaotegemea uhusiano: mtani hujulikana, na haki yake ya kutania hujulikana. Mzaha ni kulichukulia jambo kwa wepesi, na wepesi huo waweza kufaa au usifae. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Dhihaka ni kumdharau mtu kwa kisingizio cha kuchekesha, nayo haina mahali pake kati ya wabatizwa.

Tena, lugha yetu yenyewe yatufundisha kwamba kumcheka mtu si sawa na kucheka naye. Katika kumcheka, mtu mmoja hubaki nje ya furaha, naye ndiye anayeilipia. Katika kucheka naye, hakuna anayebaki nje.

Maandiko Matakatifu yanavifahamu vicheko vya namna zote mbili. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Sara anasikia kwamba atazaa katika uzee wake, naye anacheka kimoyomoyo kwa kutosadiki, kisha anakana kwamba alicheka. Katika sura ya 21, mtoto akiwa amezaliwa, Sara anakiri kwamba Mungu ndiye aliyempa kicheko, na kwamba kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Jina la mtoto, Isaka, linatokana na neno la Kiebrania lenye maana ya kucheka. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha siri, nacho kilimtenga Sara na neno la Mungu. Cha pili kilikuwa cha wazi, kilichowaalika wengine.

Bwana wetu naye alifundisha kwa picha ambazo si rahisi kuzisikia bila kutabasamu: mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kuondoa kibanzi katika jicho la nduguye, au mtu anayechuja mbu kwa uangalifu mkubwa kisha akameza ngamia. Picha hizo hazikuondoa uzito wa mafundisho yake. Zilimsaidia msikilizaji kujiona mwenyewe kabla hajapata muda wa kujitetea.

Fadhila yenye jina

Huenda baadhi yetu tulilelewa tukiamini kwamba mtu wa Mungu ni yule asiyecheka. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, Mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, hakufundisha hivyo. Katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo na maneno ya kuchekesha. Anajibu kwamba yaweza kuwapo. Anatumia jina la Kigiriki, eutrapelia, alilolipokea kwa mwanafalsafa Aristotle, lenye maana ya uwezo wa kugeuka vizuri: mtu mwenye fadhila hiyo anajua kuyageuza maneno au matendo yalete burudiko la moyo.

Hoja yake ni ya kibinadamu kabisa. Kama mwili unavyochoka kwa kazi na kuhitaji kupumzika, ndivyo akili inavyochoka kwa kufikiri. Anakumbusha simulizi la kale la Mababa kuhusu Mtume Yohane. Watu fulani walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu alijibu kuwa upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba ndivyo ilivyo hata kwa roho ya mwanadamu isipolegezwa kamwe.

Lakini Mtakatifu Thomaso anaweka masharti matatu. La kwanza, furaha isitafutwe katika maneno au matendo machafu au yenye kumdhuru mtu. La pili, mtu asipoteze kabisa utulivu na uzito wa nafsi yake. La tatu, ucheshi ulingane na mtu, wakati na mahali. Kisha, katika makala ya nne ya swali hilohilo, anaongeza jambo linalowashangaza wengi: kukosa uchangamfu kupita kiasi nako ni kasoro ya kimaadili, kwa kuwa mtu asiyefurahisha wengine, na anayewazuia wengine wasifurahi, huwa mzigo kwao. Enyi wenyeviti na makatibu, na sisi mapadre pamoja nanyi, tuyasikie hayo.

Hapa yatupasa kuwa waaminifu kwa Maandiko. Neno hilohilo eutrapelia laonekana mara moja katika Agano Jipya, katika Waraka kwa Waefeso 5:4, na hapo Mtume Paulo analikataza, akiliweka pamoja na maneno machafu na ya kipuuzi. Je, Thomaso anampinga Mtume? Hasha. Ulimi uleule wenye wepesi wa kugeuza maneno waweza kuyageuza kuelekea wema au kuelekea uchafu. Kipaji ni kimoja. Kinachokitofautisha ni mahali kinapotupeleka.

Funzo la watani

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kuuelewa ukweli huu, kwa maana tumeurithi katika desturi ya utani wa makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mahali palipokuwa na mikuki pamebaki maneno, tena maneno ya kuchekesha. Huo ni urithi mkubwa, nasi twapaswa kuutunza.

Tena tuangalie mtani anavyotenda msibani. Yoshua bin Sira anasema, katika sura ya 22 ya kitabu chake, kwamba maneno yasiyo ya wakati wake ni kama muziki wakati wa maombolezo. Kwa nini basi mtani aweza kufika msibani, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai “deni” lake, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi bila kukasirika? Ni kwa sababu, kwa mujibu wa mila, mtani huyo hakuja kuchekesha tu. Ana wajibu pia: hushika kazi, husaidia maziko, hukaa na wafiwa. Haki yake ya kutania inatokana na mzigo anaoubeba. Mpita njia asiye na uhusiano na msiba, akithubutu kusema maneno yaleyale, atafukuzwa, na ni halali afukuzwe.

Hiki ndicho kipimo tunachopenda kukipendekeza kwa vikao vyetu: anayechekesha awe pia anaubeba mzigo wa wale anaowachekesha. Mzee wa kigango alikuwa na haki ya kulicheka paa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye angelowa. Kama maneno yale yangesemwa na mgeni kutoka mjini aliyekuja na gari lake, yangekuwa dharau.

Kosa letu wenyewe

Twasema hayo tukiwa tumejifunza kwa aibu. Wakati fulani, tukiwa paroko, tuliongoza kikao cha kupokea taarifa ya fedha. Mweka hazina, mama mmoja mtaratibu, alikuwa akisoma taarifa yake kwa sauti ndogo na kwa mwendo wa polepole sana. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wakisinzia, nasi tulikuwa na safari. Alipomaliza ukurasa wa pili, akanyamaza kidogo, akiitazama karatasi. Neno likatutoka: “Mama, kwa mwendo huu Bwana atarudi kabla hatujafika ukurasa wa tatu!”

Watu walicheka sana. Tulijiona tumekisaidia kikao. Yule mama naye alitabasamu, akazikunja karatasi, akasema kwamba yaliyobaki ni madogomadogo na yanaweza kusomwa siku nyingine. Tukashukuru, tukafunga kwa sala.

Ilipita miezi mitatu kabla hatujagundua kwamba sehemu ya fedha ya ujenzi ilitolewa bila stakabadhi. Tulipomwita mama na kumuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwa upole, akitazama chini: “Baba, iliandikwa ukurasa wa tatu. Siku ile nilinyamaza ili nipate nguvu ya kuisoma.”

Neno letu lilikuwa la kuchekesha; hilo hatulikani. Halikuwa chafu, wala halikusemwa kwa nia mbaya. Lakini lilikosa mambo mawili. Kwanza, lilimfanya mtu mmoja alipie furaha ya wengine, naye alikuwa mnyonge kuliko wote mezani. Pili, hatukuwa tumemsikiliza. Tulikuwa tukiisikiliza saa yetu. Tungalimtazama usoni, tungaliona kwamba kimya kile hakikuwa cha uchovu bali cha hofu. Katika kikao kilichofuata tulimwomba radhi mbele ya watu walewale waliocheka, tukampa nafasi ya kusoma ukurasa wa tatu kwa mwendo wake mwenyewe. Hakuna aliyesinzia.

Toka siku hiyo tumeelewa kwa nini Thomaso aliutaja wakati kama sharti. Kujua wakati si ufundi wa wachekeshaji pekee. Ni tunda la kumjali mtu aliye mbele yako.

Neno la anayeongoza lina uzito wake

Kuna jambo jingine la kuangalia, hasa kwa wenye madaraka. Mkuu wa idara akichekesha, watumishi hucheka. Mkuu wa shule akichekesha, walimu hucheka. Padre akichekesha, hata wasioelewa hucheka. Kwa hiyo kicheko chao si ushahidi kwamba neno lilikuwa jema. Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kipimo salama kwa kiongozi ni kujilenga mwenyewe kwanza, na kuwaacha walio chini yake wasiwe shabaha.

Mfano mzuri tuliuona kwa mkuu wa shule mmoja aliyekuwa akiwasilisha taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wazazi. Alikuwa ameandaa michoro kwenye projekta. Alipofika kwenye mapato tu, umeme ukakatika, ukumbi ukawa giza. Watu wakaanza kunung’unika. Yeye akasema kwa utulivu: “Wazazi wangu, nawashukuru kwa subira. Kusema kweli, mapato ya mwaka huu yalihitaji giza kidogo.” Ukumbi mzima ulicheka. Kisha akafanya jambo lililo kubwa kuliko kuchekesha: akachukua daftari, akawasha tochi ya simu, akayasoma mapato yote, shilingi kwa shilingi, pamoja na upungufu uliokuwapo na sababu zake.

Tulinganishe matukio haya mawili. Mkuu wa shule alichekesha, na ukweli ukapata njia ya kutoka. Sisi tulichekesha, na ukweli ukakunjwa pamoja na karatasi. Mithali 26:18-19 yamfananisha na mwendawazimu anayerusha mishale ya moto yule amdanganyaye mwenzake kisha akajitetea kwamba alikuwa akitania tu. Kuna mikutano ambamo swali halali la mwanachama kuhusu fedha hujibiwa kwa kichekesho; watu hucheka, muuliza swali huketi, na swali hubaki bila jibu. Kicheko cha namna hiyo ni pazia, na anayelishusha atalitolea hesabu.

Je, twaweza kujifunza?

Mtu aweza kusema: ucheshi ni kipaji; wengine wamezaliwa nacho, mimi sikupewa. Ni kweli kwamba neno la papo hapo haliwezi kuandaliwa nyumbani. Aliyekariri kichekesho na kungoja nafasi ya kukisema mara nyingi hukisema mahali pasipo pake, naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 20, ameshaonya kwamba hata methali hukataliwa ikitoka kwa mpumbavu, kwa kuwa haisemi kwa wakati wake. Lakini fadhila yoyote ni mazoea ya moyo. Neno haliandaliki, moyo huandalika.

Huandalika kwa kusikiliza. Mzee wa kigango alikaa kimya saa mbili. Ndiyo sababu neno lake liligusa kiini cha jambo. Huandalika kwa unyenyekevu, kwa maana anayeogopa kuonekana mdogo hawezi kujicheka. Huandalika pia kwa sala. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Gaudete et exsultate wa mwaka 2018 juu ya wito wa utakatifu, aliitaja furaha na ucheshi kati ya alama za utakatifu katika ulimwengu wa leo, akawataja watakatifu Thomas More, Vincent wa Paulo na Filipo Neri kuwa mifano. Mwezi Juni 2024 aliwapokea Vatikano wachekeshaji zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, akawatia moyo katika kazi yao.

Thomas More anatuhusu kwa namna ya pekee sisi tunaokaa vikaoni. Alikuwa mwanasheria, na alishika mojawapo ya vyeo vya juu kabisa katika serikali ya Uingereza. Alipokataa kwenda kinyume cha dhamiri yake, alihukumiwa kifo, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Inasimuliwa kwamba alipofika kwenye jukwaa la kukatiwa kichwa, lililokuwa bovu na likitikisika, alimwomba ofisa aliyekuwapo amsaidie kupanda salama. Kuhusu kushuka, alisema, atajitegemea mwenyewe. Hakumchekesha yule ofisa kwa gharama ya mtu mwingine. Mzigo wote ulikuwa wake. Mwaka 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Basi, kabla ya kufungua midomo yetu katika kikao kijacho, tujiulize maswali haya: Je, kuna mtu humu atakayelipia kicheko hiki? Je, nimemsikiliza aliyesema kabla yangu, au nimechoka tu? Je, neno hili litalifungua jambo au litalifunika? Je, mzigo ninaouchekea, nami naubeba? Na kama tumekwisha kukosea, tusione haya kuomba radhi palepale tulipokosea, mbele ya walewale waliocheka.

Mweka hazina yule bado anahudumu. Bado anasoma polepole. Siku hizi, akimaliza ukurasa wa pili, hututazama na kusema: “Baba, Bwana hajarudi. Niendelee?” Kikao kizima hucheka, nasi tukiwa wa kwanza.

Mwenyezi Mungu, aliyempa Sara kicheko katika uzee wake, atujalie furaha iliyo safi, na neno jema kwa wakati wake. Amina.